Asiyerudi Bomani Jioni: Namna ya Kumtafuta Mtu Aliyepotea Nyikani

Magharibi ya Kajiado, ng'ambo ya Magadi na juu ya magenge ya Nguruman, uko msitu mkubwa katika milima ya Loita, upande wa Narok. Wamasai huuita Naimina Enkiyio, yaani msitu wa mtoto aliyepotea. Husimuliwa kwamba hapo kale msichana mmoja alikuwa akichunga ndama, nao wakaingia msituni, naye akawafuata. Jioni ndama walirudi nyumbani peke yao. Vijana waliingia msituni kumtafuta wasimwone, na tangu siku hiyo msitu ukaitwa kwa ajili yake.

Hadithi hiyo ni ya kale, lakini jambo lenyewe halijawa la kale. Katika nchi ya tambarare itokayo Kitengela hadi Isinya na Kajiado, na kuendelea mpaka Namanga, watoto wangali wanachunga mbuzi, wazee wangali wanatoka kwa miguu kwenda kuwaamkia jamaa zao, na mvua kubwa zingali zinajaza kwa saa moja mito iliyokuwa mikavu asubuhi. Mtu asiporudi, majirani huinuka kwa moyo mwema, huchukua rungu na kurunzi, wakatoka mbio kila mmoja upande wake huku wakipiga kelele. Moyo huo wastahili sifa. Lakini wajuzi wa kazi hii husema kwamba umati usio na utaratibu waweza kumficha aliyepotea badala ya kumfichua.

Wahenga waliacha methali mbili zinazoonekana kupingana. Moja yasema, haraka haraka haina baraka. Ya pili yasema, ngoja ngoja yaumiza matumbo. Katika kazi ya kumtafuta aliyepotea methali zote mbili ni za kweli, ila kila moja ina mahali pake. Kutoa habari kwataka haraka; kutafuta kwenyewe kwataka utaratibu.

KUTOA HABARI KUSINGOJE KESHO

Chukua mfano wa mtoto wa miaka 7 aliyekuwa akichunga mbuzi karibu na Kitengela. Saa 11 jioni mbuzi wamefika bomani, mtoto hayupo. Mtoto wa umri huo aliyechoka aweza kwenda kilomita 2 kwa saa. Baada ya saa 1 aweza kuwa mahali popote ndani ya duara lenye ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 12. Je, baada ya saa 3? Wengi watajibu kwamba duara limekuwa kubwa mara tatu. Sivyo. Limekuwa kubwa mara tisa, kwa maana limefika kilomita za mraba 113. Kwa hiyo baba anayesema, "Na tungoje kidogo, huenda atatokea," anaongeza nchi ya kutafutwa kila dakika anayongoja.

Kuna imani iliyoenea sana, mijini hata mashambani, kwamba polisi hawapokei habari za mtu aliyepotea mpaka saa 24 zipite. Imani hiyo imewapotezea watu wengi wakati wao wa thamani. Hapana haja ya kungoja, hasa ikiwa aliyepotea ni mtoto, mzee au mgonjwa. Yapasa chifu au naibu wake apigiwe simu mara moja, kisha mtu mmoja aende kituo cha polisi kuandikisha habari, apewe nambari ya kitabu cha matukio, ile ambayo watu wengi huiita O.B., naye aiandike mahali isipopotea. Simu za polisi ni 999 na 112. Ya msaada wa watoto ni 116. Na ya Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya ni 1199. Mtoto akitokea kabla askari hawajafika, hakuna hasara. Askari arudiye kituoni kwa kuwa mtoto amepatikana hurudi akifurahi.

KIONGOZI MMOJA NA DAFTARI MOJA

Jambo la pili ni kuchagua kiongozi. Si lazima awe mwenye mbio au mwenye sauti kubwa. Na afadhali asiwe baba wa mtoto, kwa kuwa moyo wake hautatulia. Aghalabu huyo ni chifu, naibu wa chifu au mzee wa kijiji, mpaka polisi wafike. Kiongozi haendi nyikani. Hukaa mahali pamoja panapojulikana na wote, mwenye simu, daftari na saa, na kila habari hupitia kwake.

Kazi yake ya kwanza ni kuuliza, wala si kuamuru.

"Mama, pole sana. Mtoto amevaa nini?"

"Shuka nyekundu, Chifu, na shati la shule."

"Na miguuni?"

"Akala. Ya kushoto imekatika kamba, nikaifunga kwa waya."

Jibu hilo moja lina thamani kuliko watu kumi wanaokimbia. Nyayo za viatu vya akala ni nyingi katika njia za mbuzi, lakini akala iliyofungwa kwa waya ni moja tu. Baada ya hapo kiongozi huuliza ni nani aliyemwona mtoto mwisho, wapi, saa ngapi, na alikuwa akielekea wapi. Huuliza kama ana ugonjwa, kama anaogopa mbwa au watu wageni, jina analoitwa nyumbani, mahali anapopenda kucheza, na kama alikuwa na sababu ya kuogopa kurudi. Mtoto aliyepoteza mbuzi mmoja huenda amejificha kwa hofu ya fimbo, wala hakupotea hata kidogo. Swali hilo laudhi wazazi, lakini ni lazima liulizwe kwa upole.

NYAYO ZISIKANYAGWE

Mahali mtoto alipoonekana mwisho ni kama barua iliyoandikwa chini. Wamasai na Wakamba wana mafundi wa kuisoma barua hiyo: wajua nyayo za jana na za leo, za aliyechoka na za aliyekuwa akikimbia. Lakini watu hamsini wakiisha kupita hapo, barua imefutwa. Kwa hiyo kiongozi huwazuia watu wasipasogelee mpaka msoma nyayo afike. Msoma nyayo mzuri hufanya kazi yake hasa asubuhi na jioni, jua likiwa chini, kwa sababu wakati huo kila alama ina kivuli chake. Saa sita mchana jua liko utosini, na hata nyayo za tembo zaweza kupita bila kuonekana.

Polisi wakileta mbwa wa kufuata harufu, nguo ya mtoto ambayo haijafuliwa itahitajiwa. Nguo hiyo isipitishwe mkono kwa mkono, kwani itakuwa na harufu ya kijiji kizima. Na itiwe na mtu mmoja katika mfuko safi, ifungwe, ingoje.

KUTAFUTA KWA AKILI KABLA YA MIGUU

Watu hudhani kwamba wakiwa wengi wataimaliza nchi yote. Yafaa wapige hesabu. Watu 20 wakijipanga mstari mmoja, kila mmoja mita 10 kutoka kwa mwenzake, hufagia upana wa mita 200. Wakienda hivyo kilomita 1 katika vichaka, jasho likiwatoka, wamemaliza sehemu ya tano tu ya kilomita moja ya mraba. Duara la saa ya kwanza lina kilomita za mraba zaidi ya 12. Kwa hiyo kuanza popote ni sawa na kutoanza.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili wataalamu wa hesabu wa Marekani, akiwemo Bernard Koopman, walipewa kazi ya kufikiri namna ya kutafuta nyambizi za adui katika bahari kubwa. Fundisho lao kuu hata mchungaji aweza kulielewa: gawanya eneo katika sehemu, pima ni sehemu gani yenye matumaini zaidi, anzia huko, na sehemu ikiisha kutafutwa vizuri bila kitu kuonekana, matumaini ya hapo hupungua na ya sehemu nyingine huongezeka. Ndiyo maana daftari ni lazima. Asiyeandika palipotafutwa, nani alitafuta na saa ngapi, atatafuta mahali pamoja mara tatu na mahali pengine asifike kabisa.

Huku Kajiado sehemu zenye matumaini hazihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Ni visima na mabwawa, makorongo ya mito ya msimu, njia za mbuzi, boma za jamaa, kando ya reli na barabara kuu, na mashimo ya machimbo ya mawe yaliyoachwa wazi karibu na Kitengela. Vikundi vidogo vya watu watatu au wanne wepesi hutumwa kwanza huko. Wakati huo huo watu wachache husimama penye njia panda, vivukoni na stendi ya matatu, ili aliyepotea asitoke nje ya duara bila kuonekana. Mstari mrefu wa watu huja baadaye, hayo yakiisha kushindikana.

Mstari huo nao una sheria zake. Kila mtu amwone mwenzake wa kulia na wa kushoto. Atazame mbele, kando na nyuma, na ndani ya kila kichaka, maana mtoto mdogo hujikunja na kulala mahali padogo sana. Waite jina kwa pamoja kwa sauti ya upole, kisha wote wanyamaze kabisa kwa dakika nzima wakisikiliza. Wengi hukosea hapa. Wanaita bila kukoma, na kama mtoto amejibu kwa sauti iliyokauka kwa kiu, hakuna aliyesikia. Tena mtoto mdogo asikiapo wanaume wasiojulikana wakipiga kelele usiku aweza kukaa kimya kwa hofu. Sauti ya mama yake yafaa kuliko zote.

Kwa mzee aliyepungukiwa na kumbukumbu mambo ni mengine. Yeye haitiki akiitwa, kwa sababu hajui kama amepotea. Huenda mbele mpaka kitu kimzuie: ua, kichaka au korongo. Katika mitaa mipya ya Kitengela huenda amepanda matatu akiamini anakwenda kijiji alichokiacha miaka 40 iliyopita. Basi watoto wake waulizwe mzee alizaliwa wapi na alifanya kazi wapi.

MFANO WA ASA

Mwishoni mwa mwaka 2022 mtoto wa miaka 4 alipotea karibu na kijiji cha Asa, jirani na mbuga ya Tsavo Mashariki. Alikuwa na ndugu zake wakichunga, mvua ya dhoruba ikawatawanya. Watu wapatao 70 wa kijiji walitoka kumtafuta, wakifuata nyayo siku baada ya siku katika nchi yenye fisi. Shirika la Sheldrick Wildlife Trust liliombwa msaada, na rubani wake akaruka na ndege ndogo juu ya vichaka. Siku ya sita alimwona mtoto mdogo akitembea peke yake, kilomita 18 kutoka nyumbani kwao. Alikuwa hai.

Wengi waliosikia habari hiyo waliisifu ndege, na yastahili sifa. Lakini ndege peke yake ingetafuta wapi? Waliokuwa chini ndio waliozifuata nyayo na kuonyesha upande wa kutazama. Aliyekuwa juu akaona mbali kuliko wao. Tena hawakukata tamaa siku ya tatu wala ya nne, ingawa umri wa mtoto ulikuwa mdogo na njia ndefu kuliko ambavyo mtu yeyote angedhani.

Kwa upande mwingine, isidhaniwe kwamba ndege huona kila kitu. Tarehe 5 Juni 2018 ndege iliyotoka Kitale kwenda Nairobi, yenye watu 10, ilitoweka. Ukungu na mvua vilizuia msako katika milima ya Aberdare, na mabaki yake hayakuonekana mpaka tarehe 7 Juni. Hakuna aliyekuwa hai. Mawingu yakishuka, kazi yarudi kwa wenye miguu na wenye kuijua milima.

MWOKOAJI NAYE ANA MAMA YAKE

Mwezi wa Septemba 1970 daktari kijana kutoka Austria, Gert Judmaier, alianguka na kuvunjika mguu karibu na kilele cha Batian katika Mlima Kenya. Mwenzake Oswald Oelz alishuka kutafuta msaada, akarudi kukaa naye. Kumshusha kulichukua zaidi ya wiki moja, na waokoaji wakaja kwa ndege hata kutoka kwao Innsbruck. Judmaier aliokoka. Lakini rubani wa helikopta, Mmarekani Jim Hastings, alianguka na kufa katika kazi hiyo. Tangu hapo kila anayepanga uokoaji yampasa ajiulize: watu ninaowatuma watarudi vipi?

Katika nchi ya Kitengela hatari mbili hujulikana. Ya kwanza ni wanyama. Simba na fisi hutoka mbuga ya Nairobi kuelekea kusini usiku, na nyati hulala vichakani. Basi usiku mtu asiende peke yake. Vikundi viwe na taa, na askari wa wanyamapori waarifiwe. Ya pili ni maji. Katika masika ya mwaka 2024 Mto Athi na vijito vyake vilifurika, na katika Kenya nzima watu zaidi ya 250 walikufa kwa mafuriko. Mwenye kuona mwenzake amezingirwa na maji hutamani kujitosa. Asijitose. Na amrushie kamba, dumu tupu lililofungwa vizuri au gogo, na aite wenye mashua. Maji yaendayo kasi, hata yakiwa ya kimo cha sentimita 30 tu, huweza kuisukuma motokaa ndogo, sembuse mtu. Anayezama akimwokoa mwenzake amewapa watafutaji watu wawili wa kutafuta.

MGENI ALIYEPOTEA SI MWIZI

Hapana budi kusema neno moja zito. Mwezi wa Agosti 2021 vijana wanne waliuawa na kundi la watu upande wa Isinya wakidhaniwa kuwa wezi wa mifugo, na jamaa zao wakakana kabisa jambo hilo. Habari hiyo iliwahuzunisha watu wa Kajiado na Kenya nzima. Yafaa ikumbukwe kila mara mgeni aonekanapo usiku katika nchi isiyo yake. Mtu aliyepotea hana budi kusogelea taa ya boma la watu asiowajua. Kama desturi ya nchi ni kumpokea kwa marungu, basi aliyepotea atakimbia penye msaada. Mgeni na aketishwe, aulizwe, apewe maji, na chifu apigiwe simu. Kama ni mwizi, polisi watakuja. Kama ni mtoto wa mtu, mama yake naye atakuja.

Vivyo hivyo na picha zinazopelekwa kwa simu kutoka kundi moja hata jingine. Picha yenye habari sahihi na nambari ya kituo cha polisi yaweza kumrudisha mtoto kwa saa moja. Uvumi kwamba ameibwa na gari la rangi fulani waweza kumwua dereva asiye na hatia. Na aliyepatikana, picha yake iondolewe, ili watu wasichoke kutazama picha za kweli.

AKIISHA KUONEKANA

Aliyeokotwa baada ya siku nyingi asipewe chakula kingi mara moja. Apewe maji kidogo kidogo, afunikwe shuka kavu, maana usiku wa Kajiado ni baridi hata kama mchana ulikuwa wa joto. Akiwa ameanguka kutoka juu na analia mgongo au shingo, asinyanyuliwe ovyo. Na angojewe machela, isipokuwa pale alipo pana hatari kubwa zaidi. Kisha apelekwe hospitali, hata akisema ni mzima.

Kiongozi naye hajamaliza kazi. Awapigie wote walioko nyikani warudi, na awahesabu kwa majina yaliyo katika daftari. Imepata kutokea mtoto akawa nyumbani anakunywa chai huku watu wangali vichakani wakimwita gizani. Baadaye polisi waarifiwe, ili kitabu kifungwe.

Na mtoto asipigwe. Mtoto aliyepigwa kwa kosa la kupotea, siku nyingine akisikia watu wanamwita atajificha zaidi.

Msichana wa Naimina Enkiyio alitafutwa na vijana hodari wenye mapenzi naye, na hadithi haiwalaumu. Watu wa siku hizi wana simu, ndege, mbwa na ramani, tena wangali na wazee wanaojua kusoma nyayo. Kwa kuwa wana vyote hivyo, yawapasa wakubaliane mapema, katika baraza la kijiji na katika mikutano ya nyumba kumi, nani atashika daftari, nani asoma nyayo vizuri, na nambari ya chifu iko wapi. Mambo hayo yapangwe mchana, mbuzi wakiwa malishoni na watoto wote wakijulikana walipo.